Matundu ya Nyuma ya Boti

Jumatatu, 21 Aprili 2025

Mwenyekiti wa mtaa kaja asubuhi, ufagio bado mkononi mwangu. Hata kukaa hakukaa. Shikamoo bibi, marahaba, huyo akaanza. Boti yangu isibebe mtu mpaka matundu yatengenezwe. Isibebe! Boti iliyomvusha mama yake akiwa na mimba ya mdogo wake!

Yote kwa sababu ya Ijumaa. Chausiku, jirani yangu, alipanda na kiroba cha mbegu za maharage. Katikati ya mto maji yakaingia kwa matundu ya ubavuni, yakatambaa sakafuni, kiroba kikalowa. Chausiku akalia kama anachinjwa. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu tu! Lakini kelele zake zilifika mpaka ofisi ya mtaa.

Niandike sawasawa nisije nikajichanganya. Boti yetu ina sakafu juu, chini yake kuna uwazi. Maji yakimwagika sakafuni, ya mvua au ya miguu ya watu, yanatoka kwa matundu manne, mawili kila ubavu. Mto ukitulia, vizuri. Lakini sisi tunavuka kwa kuvuta kamba iliyofungwa huku na ng'ambo. Mto unatupiga ubavu mmoja, boti inalala, na tundu la kutolea maji linakuwa la kuingizia. Miaka yote tunaziba kwa matambara. Tukiziba maji hayatoki. Tukizibua yanaingia. Ndivyo tulivyoishi.

Sasa mwenyekiti anataka yazibwe kabisa, maji yapitishwe nyuma, kwenye ubao wa mkiani. Jumapili anakuja kukagua. Kama bado, kivuko anapewa yule mwenye boti ya bluu kule juu. Kivuko changu! Miaka kumi na tisa navusha watu wa Kwamndolwa kwenda mashambani. Mume wangu alipokufa aliniacha na kamba na boti, basi. Hata redio aliichukua mdogo wake.

Husna mwanangu, aliyekuja na mtoto wake kupalilia, akadakia mbele ya mgeni: "Si yupo Baba Faudhia? Si fundi bomba?" Mwanangu mdomo wake hauna mlango.

Mkwe! Mkwe anitengenezee boti! Nimekosa watu?

Nimekosa. Fundi mbao nimempigia, anasema mwezi wa sita.

Jumatano, 23 Aprili

Mkwe kaja kutoka Handeni na pikipiki, mabomba kayafunga ubavuni. Alinisikia nakohoa uani, akaizima pikipiki kule kwenye uzio, akavua kofia, akatazama chini. Mimi nikaingia ndani. Ndivyo inavyotakiwa. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani, hawashikani mkono, hawali pamoja. Neno likiwapo linapita kwa Husna. Miaka minane kamwoa mwanangu, meno yake sijayaona. Kwa hilo simlaumu. Ana adabu kuliko hawa vijana wa mjini wanaomchekea mama mkwe kwenye simu.

Lakini mtu wa Kwedizinga! Kwao maji ni ya dumu. Mto wanauona wakija Korogwe, tena kutoka dirisha la basi. Boti ataijulia wapi?

Boti tumeipandisha juu ya magogo nyuma ya nyumba. Yeye huko, mimi mlangoni mwa jikoni. Kukaa kimya siwezi, nitapasuka. Basi nikasema na kuku. Hiyo inaruhusiwa. Nikamwambia, kwa sauti: "Wewe kuku! Boti si choo cha tajiri. Usidhani maji yatakwenda unakoelekeza bomba!"

Kuku akanitazama.

Mkwe akaiambia keekee yake ya kutobolea mbao, taratibu, huku anaizungusha: "Keekee, maji hayana ubishi. Yanafuata mteremko."

Kajibu! Kaijibu keekee, lakini kajibu! Nikaingia ndani nikacheka peke yangu. Halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Alhamisi, 24 Aprili

Katoboa. Matundu mawili kwenye ubao wa nyuma, yanaingia ngumi ya mtoto. Keekee ilipozunguka meno yaliniuma mimi.

Ya ubavuni kaziba kwa vipande vya mbao, pamba na lami. Yale kaziba vizuri. Nasema kweli, hata kama sipendi.

Kisha akaweka pima maji yake sakafuni, kile kifimbo chenye kitone cha hewa, akalala kifudifudi anakitazama. Boti iko nchi kavu, juu ya magogo! Anapima maji pasipo na maji!

Mchana nimepika ugali na kisamvu, Husna kampelekea. Sahani imerudi nyeupe.

Ijumaa, 25 Aprili

Saa sita na nusu kaenda msikitini. Nilingoja mlio wa pikipiki upotee, nikazunguka nyuma ya nyumba kama mwizi. Mwizi wa boti yangu mwenyewe!

Ubao wa nyuma una mstari wa tope. Boti ikijaa inazama mpaka hapo, miaka yote hiyo, tope limeganda halitoki hata kwa steel waya. Matundu ya mkwe yako chini ya mstari. Vidole vinne! Nikapima tena. Nikabadilisha mkono. Vinne.

Kaipimia tupu, huyu. Hajui tunavyopakia. Kwetu wanaume wanasimama mbele wanavuta kamba, wanawake na mizigo wanakaa nyuma, kamba isipite juu ya kichwa cha mwanamke. Hiyo tumeikuta. Kwa hiyo boti yetu ikijaa, mkia ndio unaokaa chini. Mkia ukikaa chini, mto mzima wa Pangani utaingia kwa hayo mabomba yake.

Dawa yake ndogo. Atoboe juu ya mstari wa tope, na sakafu ya nyuma ainyanyue kwa ubao mmoja. Kazi ya siku moja. Nimemwita Husna, nimemwambia neno kwa neno, nikamfanya alirudie. Nilimshika sikio kabisa, mwanamke wa miaka thelathini na mbili.

"Nimesikia, mama." Kaenda. Karudi. "Amesikia."

Vizuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, watu hawana kazi. Wote kwangu, wamekuja kutazama boti kama wanatazama mpira.

Mkwe kabandika mabomba kwa gundi. Matundu yale yale! Chini ya mstari! Nilisimama mlangoni sufuria mkononi, nikadhani macho yananidanganya.

Akamwaga ndoo ya maji sakafuni. Maji yakakimbia nyuma, yakaingia kwenye mabomba, yakamwagika nje, hayakubaki hata ya kunawa uso. Watu wakapiga makofi. Chausiku akapiga kigelegele, huyo huyo aliyenishtaki:

"Mgosi kaweza, mwanamume huyu! Bi Mwatumu, wewe umepata mkwe. Sisi wengine tumepata midomo ya kulisha!"

"Chukua huyu uende naye," nikamjibu. Wakacheka. Mkwe kofia usoni.

Nikamvuta Husna jikoni. Ulimwambia nini mumeo? Akaanza kuchezea pindo la kanga. Nilijua hapo hapo.

"Nilimwambia mama anashukuru sana, ila uangalie angalie nyuma."

Uangalie angalie nyuma! Hilo ndilo neno langu? Vidole vinne viko wapi? Mstari wa tope uko wapi?

Nilimsema. Nilimsema mpaka mate yakaisha. Naye akasema lake. Kwamba siku ya kuleta mahari mimi nilisema, wageni wamekaa sebuleni wanasikia, watu wa Kwedizinga wanaoga kwa kikombe. Kwamba mumewe alikuwa amesimama nje ya dirisha. Miaka minane hajasahau. Nikisema na kuku mchana, yeye usiku anakula kimya, hamwongeleshi hata mtoto.

"Mama, kila siku mimi ndiye napeleka maneno yako. Yote machungu. Mara hii nilitaka asikie asante. Mara moja tu."

Niliyasema, siyakatai. Na kikombe chenyewe nilikiona kwa macho yangu nilipokwenda kwao.

Nikamwambia, haya, nenda sasa hivi, kamwambie sawasawa. Kasema, mbele ya watu wote hawa? Gundi imeshakauka, mama.

Kaenda zake kuchota maji. Mimi nimebaki na sufuria.

Jumapili, 27 Aprili

Tumeishusha boti mtoni. Tupu inakaa juu, mabomba vidole viwili juu ya maji. Imependeza. Mjinga angeinunua.

Mwenyekiti kaja na viatu vya kanisani. Kamwaga ndoo mwenyewe, kaangalia maji yanavyotoka, katikisa kichwa kwa kuridhika. Denis, yule anayenivutia kamba, kaenda na kurudi nayo bila mtu. Kavu. Mwenye boti ya bluu alikuwa amesimama pale pale ukingoni, mikono mfukoni, anangoja.

Mwenyekiti akanigeukia: "Bi Mwatumu, mwenye boti ni wewe. Umeridhika?"

Watu wote wananitazama mimi. Mkwe kule kwenye nguzo ya kamba, kofia mkononi, anatazama vidole vyake vya miguu.

Nilikuwa na neno. Pakieni magunia kwanza. Maneno matatu na wote wangeona. Lakini ningemvua nguo mkwe wangu hadharani, kitu ambacho hakijafanyika kwetu. Na kivuko kingeondoka leo leo, na yule wa mikono mfukoni angekwenda nacho.

Nikasema, nimeridhika.

Wakapiga makofi tena. Husna alinitazama. Sikumtazama.

Kesho nitamwambia Denis apakie kidogo kidogo, mizigo ikae mbele. Itavuka. Mwezi wa sita fundi mbao akija nitayapandisha matundu bila mtu kujua.

Jumatatu, 28 Aprili

Naandika hapa mtoni, saa kumi kasorobo. Daftari nililiweka kwenye mfuko wa nailoni na hati za boti, ndiyo maana ninalo. Kukaa natazama ng'ambo tu siwezi.

Usiku mvua imenyesha huko juu. Asubuhi mto ulikuwa kama chai ya maziwa, umeinuka, unabeba magogo. Goti lilinikamata, nikachelewa kufika. Kuchelewa kidogo tu! Denis alikuwa ameshapakia. Husna na Faudhia, mjukuu wangu, miaka minne, wanakwenda kupalilia. Chausiku na magunia matatu ya samadi. Wote nyuma. Magunia nyuma. Kama kawaida, kama nilivyowafundisha mwenyewe.

Nilipiga kelele, magunia mbele!

Denis akanijibu: "Bibi, na kamba nipitishie wapi?" Akavuta.

Nilikuwa natazama mkia wa boti. Ulizama mpaka kwenye mstari wa tope, sawasawa, kama nilivyopima. Mabomba sikuyaona tena. Walipofika katikati niliona Husna ananyanyua miguu. Halafu kasimama. Mto ulikuwa unabubujika kwenye mabomba yote mawili, ndani, sakafuni. Chausiku safari hii alilia kilio cha kweli. Alisukuma gunia mtoni, la pili, la tatu, kwa mikono yake mwenyewe, samadi ya mwaka mzima. Husna kamweka mtoto kichwani kama ndoo. Denis alivuta mpaka nikadhani kamba itakatika.

Walifika. Alhamdulillahi, walifika. Wakashuka maji yako magotini.

Denis akaikumba maji, akayamwaga yote mtoni, akarudi nayo peke yake. Tupu ilielea kama jana! Haikuingia hata tone! Akaifunga, hakunitazama. "Bibi, nisamehe. Mimi nina watoto." Kaenda zake. Simlaumu. Namlaumu.

Na hiyo siyo mwisho. Pale waliposhukia ni ulimi wa ardhi. Nyuma yake kuna mkondo wa zamani, kiangazi unapita na viatu. Mto ukipanda, mkondo ule unajaa. Saa saba umejaa, nao bado wapo pale wanangoja kurudishwa. Njia ya mashambani imekatika. Sasa wako watatu kwenye kipande cha ardhi, mto mbele, mto nyuma. Saa saba kilikuwa kama uwanja wa msikiti wetu. Sasa hivi ni kama uani kwangu. Simu ya Husna imelowa, haipatikani.

Wanaume wa hapa wamekwenda mazikoni Kwamsisi na fuso tangu alfajiri. Mwenye boti ya bluu yuko huko huko, simu inaita tu. Mwenyekiti kasema anatafuta watu. Anatafuta!

Tumebaki mimi na mkwe.

Alikuwa nyumbani anafunga vifaa aondoke. Kaja mbio, pekupeku. Kamwona mkewe na mtoto wake ng'ambo. Akaingia majini mpaka kiunoni, akaenda nyuma ya boti, akaona mstari wa tope. Kaweka vidole vyake juu ya bomba, kimoja kimoja. Vinne. Akavitazama.

Halafu akaiambia ndoo, sauti imekauka: "Ndoo, mbona hakuna aliyeniambia?"

Nikatafuta cha kusema nacho. Kweli nilitafuta. Gogo, kamba, nguzo. Nikaangalia huku na huku kama mwehu. Ng'ambo mtoto alikuwa analia, na mto unavuma sauti yake siisikii, naona mdomo tu.

Nikasema, "Nilijua."

Hakugeuka.

"Nilijua tangu Ijumaa. Ulipokwenda kuswali nilipima. Jana nilikuwa najua. Nakuambia wewe. Wewe baba Faudhia!"

Shingo yake ilishuka kidogo, kama mtu aliyewekewa mzigo. Nilidhani atatoka majini aende zake. Angekuwa na haki. Nilidhani atanitukana, na hilo pia ningelimeza.

Akasema, "Magunzi yapo?"

Si kwa ndoo.

Nikasema yapo. Nilikimbia, mimi na goti hili, nikaleta magunzi ya mahindi ya jikoni, yote. Kanga yangu nimeichana vipande. Anavizungusha kwenye gunzi, anagongomea ndani ya bomba kwa jiwe. Nilikuwa naandika haya yeye anagonga. Sasa kamaliza.

Bomba likizibwa maji hayaingii, lakini ya sakafuni nayo hayatoki. Na mto ulivyo leo utayasukuma hayo magunzi. Lazima mtu akae nyuma ayakandamize kwa miguu huku anakumba maji kwa ndoo, kwenda na kurudi, na kurudi tutakuwa watano. Lazima mwingine avute kamba. Anayevuta atahitaji kuambiwa: vuta, ngoja, linakuja gogo. Atahitaji kuambiwa kwa mdomo, papo hapo, na mimi.

Kaingia mbele. Kashika kamba, katazama mto, mgongo kwangu. Boti ni nyembamba. Ili nifike nyuma lazima nimpite, mwili kwa mwili. Kule ng'ambo Husna kampandisha mtoto mabegani. Chausiku kamshika Husna kiuno.

Mkwe kanyoosha mkono kwa nyuma nipandie. Hajageuka. Una gundi kwenye kucha, umechubuka kwa lile jiwe. Na mimi, mtu mzima, mwenye mdomo wote huu, nimekaa kwenye gogo na kalamu.

"Mama," kasema.

Mkono bado uko pale. Naweka kalamu.